Historia Iliyochujwa: Karne za Kati katika Propaganda za Makundi ya Itikadi Kali

Tarehe 4 Julai 2014, Abu Bakr al-Baghdadi alipanda mimbari ya Msikiti wa al-Nuri mjini Mosul akiwa na kilemba na vazi jeusi, rangi inayokumbusha ukhalifa wa Bani Abbasi. Msikiti huo ulijengwa katika karne ya 12 kwa amri ya Nur al-Din Zengi, mtawala anayekumbukwa kwa kupambana na Wapiganaji wa Msalaba. Mahali na vazi viliifanya hotuba ya mtu mmoja ionekane kuwa mwendelezo wa karne nane. Juni 2017, majeshi ya Iraki yalipokaribia, kundi hilohilo liliulipua msikiti huo. Kwa kundi hilo historia haikuwa urithi wa kutunzwa, bali pambo la jukwaa.

Maadui wa kundi hilo nao hutumia chujio hilohilo. Mshambuliaji aliyewaua Waislamu 51 mjini Christchurch, Nyuzilandi, Machi 2019, aliandika kwenye silaha zake jina la Charles Martel, mshindi wa vita vya Tours vya mwaka 732. Pande zote mbili husimulia ngano moja: kwamba Uislamu na Ukristo havijawahi kuacha kupigana, na kila aliye hai leo ni askari wa zamu.

Kinachochujwa ndicho kinachoivunja ngano hiyo. Mwaka 1140, watawala Waislamu wa Damascus waliungana na ufalme wa Kikristo wa Yerusalemu kumzuia Zengi, babake Nur al-Din. Mwaka 1204, Wapiganaji wa Msalaba waliteka na kupora Konstantinopoli, mji wa Wakristo wenzao. Karne hizo hazikuwa za amani, lakini mipaka ya vita vyake haikufuata dini peke yake.

Afrika Mashariki haikusalimika. Al-Shabaab huwaita askari wa Kenya walioko Somalia wapiganaji wa msalaba. Jina hilo humvika askari vita ambavyo mababu zake hawakuvipigana, humfuta Mwislamu aliyevaa sare hiyohiyo, na huuficha mgogoro wa kisiasa unaoweza kujadiliwa nyuma ya uadui usioweza kujadiliwa.

Hapo ndipo udhaifu wa majibu rasmi unapojitokeza. Msemaji wa serikali anayewalaani wauaji kuwa ni watu wa karne za kati huwatunuku ukale wanaoutafuta. Makundi haya ni zao la zama hizi: jarida la Dabiq, lililoanza mwaka 2014, lilisambazwa kwa intaneti, likiwa na picha za rangi na matoleo ya lugha kadhaa. Kukanusha kwamba hiyo si historia nako hakutoshi, kwa kuwa Zengi na Martel waliishi kweli. Kijana aliyesimuliwa nusu ya kisa hatashawishika kwa kunyamaziwa. Anahitaji nusu iliyobaki, naye aipate darasani na msikitini kabla ya kuandikishwa, si mahakamani baadaye.