Ngome ya Aleppo: namna mteremko ulivyofanywa silaha

Anayeiona ngome ya Aleppo kwa mara ya kwanza huvutwa na kuta na minara ya juu. Fundi wa vita angeanzia chini, kwenye handaki na mteremko, maana huko ndiko kazi kubwa ilikofanyika. Watawala wengi wamejenga juu ya kilima hicho cha kaskazini mwa Syria, lakini umbo lake la kivita ni la mmoja wao hasa: al-Zahir Ghazi, mwana wa Sultani Salahuddin, aliyeutawala mji huo tangu 1186 hadi alipofariki 1216. Ghazi alijenga kwa akili ya mtu aliyekwisha kubomoa ngome za wengine.

Kilima chenyewe alikikuta. Ni mwamba wa chokaa ulioongezwa kimo na vifusi vya waliotangulia, na kinainuka mita 50 hivi juu ya mji. Wataalamu wa mambo ya kale kutoka Ujerumani na Syria walifukua huko juu hekalu la Hadadi, mungu wa dhoruba, lililotumika tangu milenia ya tatu kabla ya Kristo hadi karne ya 9 KK. Baadaye pahala pa ibada pakawa pa askari. Mwaka 962, majeshi ya Bizanti chini ya Nikephoros Phokas yaliuteka mji na kuupora, lakini ngome hayakuipata. Kwa hiyo Ghazi alirithi mahali pazuri. Swali lilikuwa namna ya kupafanya pasitekeke kabisa.

Adui aliyeogopwa zaidi na mjenzi wa ukuta wakati ule hakuwa mpanda ngazi, alikuwa mchimbaji. Wachimbaji walisogea hadi mguuni mwa mnara wakijikinga kwa vibanda vya mbao, wakatoboa pango chini ya msingi na kulitegemeza kwa magogo. Kisha walijaza kuni na kuwasha moto. Magogo yakiteketea, mnara hukosa pa kusimama. Kwa njia hiyo Salahuddin aliiangusha ngome ya Wafaranja, yaani wapiganaji wa Msalaba kutoka Ulaya, kwenye Kivuko cha Yakobo, kando ya Mto Yordani, Agosti 1179, kwa siku chache tu. Na wachimbaji waliosifika kuliko wote walitoka Aleppo penyewe. Hata Mfalme Richard wa Uingereza aliwatumia baadhi yao alipoishambulia ngome ya Darum mwaka 1192.

Ghazi aliona pia upande wa pili wa somo. Julai 1188 alifika na jeshi la Aleppo kumsaidia baba yake kuizingira Sahyun, ngome iliyolindwa na handaki lililochongwa ndani ya mwamba kwa kina cha mita 28 hivi. Mitambo yake ya kurushia mawe ilitoboa ukuta, na ngome ikaanguka baada ya siku chache. Ilikuwa wazi kwamba handaki, hata liwe refu kiasi gani, halitoshi likiwa peke yake.

Alipokuja kujenga kwake, aliunganisha vitu viwili. Kwanza alilipanua handaki linalozunguka kilima mpaka likafika kina cha mita 22 na upana wa mita 30. Pili, aliuvika mteremko mawe yaliyochongwa, ukawa kama kifuniko kigumu kutoka chini hadi karibu na ukuta. Faida zake ni nyingi. Mchimbaji hana pa kuanzia, kwa sababu msingi wa ukuta uko juu kabisa ya mteremko. Akitoboa mawe ya chini anakutana na kilima kizima. Mnara wa magurudumu hauwezi kuvuka handaki wala kupanda. Ngazi haina pa kuegemea. Anayejaribu kupanda kwa mikono anabaki wazi mbele ya wapiga mishale, na jiwe linaloachiwa kutoka juu linashuka likiongeza kasi. Hata mvua haikupata nafasi ya kuumomonyoa udongo na kuwafungulia adui njia.

Vipimo navyo vilimsaidia. Kilima kina umbo la yai: chini ni mita 450 kwa 325, juu ni mita 285 kwa 160. Ukipiga hesabu, mzingo wa juu ni kama mita 700, wa chini unapita 1,200. Mlinzi ana ukuta mfupi wa kulinda, ilhali mzingiraji lazima atawanye watu wake kwenye duara kubwa zaidi.

Ngome isiyoingilika ina kasoro moja: wenyewe lazima waingie. Hapo ndipo ubunifu wa Ghazi ulipofikia kilele. Aliacha njia moja tu, daraja la mawe linalopanda juu ya matao kuvuka handaki, likiishia kwenye jengo kubwa la lango. Anayevuka daraja anakabili ukuta mtupu. Mlango umewekwa ubavuni. Mwenye gogo la kubomolea hana nafasi ya kukimbia na kupata nguvu. Juu yake vimetokeza vyumba vidogo vya mawe vyenye matundu sakafuni, ambamo walinzi waliweza kumwaga vimiminika vya moto. Akiupita mlango wa kwanza, uliochongwa nyoka juu yake, anakuta njia ya ndani inayopanda kwa kona zisizopungua tano, yenye milango mingine iliyobanwa kwa chuma. Kila kona inavunja mwendo wa kundi na kuwageuza watu wachache wa mbele kuwa shabaha.

Siasa za wakati huo zinaeleza kwa nini alitumia mali nyingi hivyo. Salahuddin alipofariki 1193, jamaa waligombana. Ami yake Ghazi, al-Adil, aliichukua Damascus, kisha Misri. Hatari haikutoka kwa Wafaranja wa pwani peke yao. Ghazi alijiandaa kwa vita, akaweka maji, ghala, msikiti na kasri juu ya kilima, lakini pia alimwoa Dayfa Khatun, binti wa ami huyo huyo. Bibi huyo ndiye aliyekuja kuushika utawala wa Aleppo kwa niaba ya mjukuu wake, kuanzia 1236 hadi 1242.

Mtihani mkubwa ulifika Januari 1260. Hulagu, kiongozi wa Wamongolia, na jeshi lake waliuteka mji kwa muda wa wiki moja hivi. Ngome, chini ya mzee Turanshah, mwana wa Salahuddin, iliendelea kustahimili kwa takriban mwezi mzima, kisha ikajisalimisha. Hulagu alimwachia mzee huyo maisha yake. Kwa kipimo cha ufundi, mteremko na lango vilifanya kazi yake. Kilichokosekana ni jeshi la kuokoa: mtawala al-Nasir Yusuf alikuwa upande wa Damascus, na hakuja. Mtekaji Timur alipofika mwaka 1400, jeshi la mji lilitoka nje kupigana, likashindwa, na ngome ikasalimu amri baada ya siku chache. Mara zote mbili mawe yalinunua muda ambao hakuna aliyekuja kuutumia.

Baruti iliyafuta mengi ya mahesabu hayo, na tetemeko la 1822 likaharibu majengo ya ndani. Katika vita vya Syria vya karne hii, Julai 2015, mlipuko kutoka kwenye mahandaki ya chini kwa chini uliangusha sehemu ya ukuta. Mpango wa Ghazi ulimzuia mchimbaji aliyelazimika kufika mguuni mwa ukuta na kufanya kazi kwa sururu. Mwenye vilipuzi vya kisasa huanza mbali, chini ya majumba ya mji, na hana haja ya kuonekana kwenye mteremko. Hivyo mafundi wanaoikarabati ngome leo wanapaswa kukagua mashimo yaliyo chini ya kilima kabla ya kurudisha hata jiwe moja juu.