Sauti ya Dike Katika Shairi la Aratus

Phaenomena, shairi alilolitunga Aratus wa Soli katika karne ya 3 KK, ni mwongozo wa nyota. Sehemu kubwa ya mishororo yake 1154 inampitisha msomaji kundi baada ya kundi, ikimweleza lipi liko chini ya lipi na lini huchomoza. Kuanzia mshororo wa 96 mtunzi anamfikia Bikira, aliye chini ya miguu ya Bootes, na hapo anaacha kuelekeza akaanza kusimulia: Bikira huyu ni Dike, mungu wa haki, aliyewahi kukaa duniani pamoja na watu. Mkasa wa vizazi vinavyozidi kuharibika ulikwisha kusimuliwa na Hesiod. Kilicho cha Aratus mwenyewe ni msuko.

Hesiod ana vizazi vitano. Aratus anabakiza vitatu, dhahabu, fedha na shaba, na kwa ufinyu huo anapata nafasi ya kuupima umbali hatua kwa hatua. Kwanza Dike yuko uwanjani na kwenye njia pana, ameketi kati ya wanaume na wanawake ingawa yeye hafi. Kisha anashuka kutoka milimani jioni, peke yake, wala hamsemeshi mtu kwa upole. Mwishowe anapaa. Mandhari yanainuka kadiri maadili yanavyoshuka, na mtunzi hahitaji kutamka uhusiano huo, kwa kuwa mpangilio wa mahali umekwisha kuubeba.

Lakini ustadi mkubwa zaidi, kwa maoni yangu, umo katika ugavi wa sauti. Katika kizazi cha dhahabu tunaarifiwa tu kwamba aliwakusanya wazee na kuwaimbia, akiwahimiza watoe hukumu zenye kuwafaa watu. Maneno yenyewe hatuyasikii. Usemi halisi unatokea katika kizazi cha fedha peke yake, pale anapoukaripia umati uliojaa vilimani kwamba baba zao wa dhahabu wameacha uzao hafifu, nao watazaa ulio mbaya kuliko wao. Katika kizazi cha shaba hasemi lolote. Tunamsikia Dike, basi, wakati ule ule anapoanza kutengana na watu. Alipoishi nao, haki ilikuwa mwenendo wa kila siku, na mwenendo haunukuliwi. Ilipogeuka kuwa onyo ndipo ilipohitaji alama za usemi. Hata nafsi anayoisemesha ni ya wingi: hakuna mkosaji mmoja anayetajwa, na kwa hiyo hakuna msikilizaji anayeweza kujitoa.

Tazama pia vifaa. Kabla ya kisa kuanza, Bikira ameonyeshwa akiwa na suke la ngano mkononi, ambalo kwa watazamaji wa nyota ni Spica, nyota ing'aayo kuliko zote katika kundi lake. Suke hilo si pambo. Katika kizazi cha dhahabu hakuna merikebu iletayo riziki kutoka mbali. Maksai, plau na Dike mwenyewe ndio wanaowapa watu kila kitu. Ndiyo maana mashtaka dhidi ya kizazi cha shaba ni mawili tu: walikuwa wa kwanza kufua upanga wa unyang'anyi wa barabarani, na wa kwanza kula maksai wa kulimia. Kosa la pili linaonekana dogo mpaka tukumbuke kwamba maksai alikuwa mshirika wa Dike katika kulisha watu. Na upanga, ambao wachongaji wa baadaye waliuweka mkononi mwa Haki bila kusita, hapa ni silaha ya adui yake. Mizani nayo haipo: nyota zile Aratus anazihesabu kuwa makucha ya Nge.

Ovid, katika kitabu cha kwanza cha Metamorphoses, anamwondoa Astraea, yaani Dike huyu kwa jina lingine, kwa kauli fupi sana, akiwa wa mwisho miongoni mwa miungu kuiacha ardhi iliyolowa damu. Kauli hiyo ina kishindo, ila haina ngazi. Tunaliona pengo bila kuuona mwendo uliolileta. Virgil alisoma kwa jicho kali zaidi. Katika kitabu cha pili cha Georgics, Haki inapoihama dunia, nyayo zake za mwisho zinabaki kwa wakulima, yaani kwa watu wenye suke na maksai, na ukoo wa mambo aliouunda Aratus unadumu ndani ya picha hiyo moja.