Kusadikika: kitabu kinachochelewa kwa makusudi

Kitaje Kusadikika kwenye kijiwe cha kahawa Kariakoo, na kabla kikombe hakijapoa makundi mawili yatakuwa yameshajitenga. Moja litasema kitabu kizito, hakianzi, na kikianza kinarudia mambo yale yale. Walikisoma kwa ajili ya mtihani, na mtihani ulipopita hawakukigusa tena. La pili litasema hakuna hadithi ya Kiswahili iliyoisema serikali kwa adabu na ukali kiasi kile. Ajabu ni kwamba wote wanazungumzia kurasa zile zile. Basi tuzitazame zilivyojengwa.

Shaaban Robert alikitoa Kusadikika mwaka 1951, Tanganyika ikiwa bado mikononi mwa Waingereza, naye akiwa karani wa serikali hiyo hiyo. Mwaka uliofuata akatoa Adili na Nduguze. Vyote viwili ni hadithi za nchi zisizokuwapo duniani, na vyote hukutwa kati ya vitabu vya mitumba vinavyotandazwa kando ya Mtaa wa Samora, karibu na mtaa uliopewa jina la mwandishi mwenyewe. Lakini msomaji anayesinzia kwenye Kusadikika humaliza Adili bila kulazimishwa. Mwandishi ni mmoja na Kiswahili ni kile kile, kwa hiyo lawama ya lugha ngumu haitoshi. Tofauti iko kwenye ujenzi.

Adili kinaanza kwa kumtia msomaji udadisi. Baada ya maelezo ya mfalme Rai na nchi ya Ughaibu, Ikibali anatumwa Janibu kufuata kodi iliyochelewa kwa liwali Adili. Anapokewa vizuri. Usiku anamwona mwenyeji wake, mtu mpole anayesifika kwa wema, akiwacharaza mijeledi manyani wawili, kisha akiwabembeleza na kuwalisha. Kwa nini? Kuanzia hapo mwandishi anadaiwa jibu. Ndugu zake Adili, Hasidi na Mwivu, safari za baharini, Mji wa Mawe, jini Huria, yote hayo ni kulipa deni lile. Kisa chenyewe kina asili katika Alfu Lela Ulela, ambako wanaopigwa ni mbwa. Mwandishi wetu amebadili mnyama, mtego akauacha pale pale. Mwenye duka Mtaa wa Kongo angemwelewa mara moja, maana kanga kali kuliko zote huning'inizwa mlangoni.

Kusadikika hakining'inizi kitu. Kinafungua kwa jiografia: nchi iko angani, na mipaka yake inatajwa upande kwa upande, ila majirani ni pepo. Wapenzi wa riwaya ya Kiingereza The Lord of the Rings, iliyotoka mwaka 1954 na 1955, huvumilia dibaji ndefu inayoeleza hata tumbaku ya mahobiti, kwa kuwa wanajua vita viko mbele. Hapa hakuna vita vilivyoahidiwa. Kuna sauti kavu ya ofisini ikieleza jambo lisilowezekana bila kutabasamu. Anayeisoma kama maelezo atachoka. Anayeisikia kama kejeli atasogeza kiti karibu, na atagundua kwamba nchi isiyo na ardhi haimpi mtawala yeyote nafasi ya kulalamika kuwa ametajwa yeye.

Kisha inakuja kesi, na kesi ndiyo kitabu chenyewe. Waziri Majivuno amemshtaki Karama barazani kwa kosa la kufundisha elimu ya sheria. Karama hajitetei kwa kukana. Anasimulia habari za wajumbe sita, Buruhani, Fadhili, Kabuli, Auni, Ridhaa na Amini, waliopelekwa pande zote nne, juu na chini, kutafuta maarifa ya kuifaa nchi. Kila mmoja alirudi na jambo lenye faida, akashtakiwa, akafungwa bila kupewa nafasi ya kujitetea.

Ukifika kwa mjumbe wa tatu unajua mwisho wake. Hapo ndipo kundi la kwanza hufunga kitabu, na hapo ndipo fundi anapofanya kazi. Kifungo cha kwanza unaweza kukiita bahati mbaya. Cha pili ni makosa ya mtu. Cha sita ni utaratibu wa dola, na utaratibu hauthibitishwi kwa tukio moja. Taharuki imehama: haimo tena katika yatakayompata mjumbe, imo barazani, kwa wakubwa wanaolazimika kukaa na kusikia dhuluma za nchi yao zikitajwa moja baada ya moja. Zaidi ya hapo, Karama anapewa kile walichonyimwa wale sita, yaani muda wa kusema mpaka amalize. Urefu wa utetezi wake ndiyo haki yenyewe anayoidai. Msomaji anayetaka afupishe anamsaidia Majivuno.

Hata hivyo kundi la kwanza halijakosea lote. Wajumbe hawana sura. Funika majina, na hutaweza kumtofautisha Buruhani na Auni. Wote ni wanyofu, hodari, wenye ndimi nzuri. Urudiaji ungebeba uzito zaidi kama angekuwamo mmoja mwoga, mmoja mwenye tamaa, hata mmoja mwenye hatia kweli. Huyo wa mwisho angeitia hoja ya Karama majaribuni: je, naye ana haki ya kusikilizwa? Swali hilo kitabu hakiliulizi, kwa sababu watu wake ni wema mno. Darasani kasoro hii huzidi, kwani sita wasio na sura hugeuka haraka kuwa orodha ya kukariri.

Ushauri wangu kwa msomaji mpya ni aanze na Adili. Akija kwenye Kusadikika, asikigawe vipande kila baada ya wiki kama tulivyofanya shuleni; ni kitabu chembamba, na kesi husikilizwa mfululizo. Kwa anayeandika, funzo ni gumu zaidi: ukimchelewesha msomaji, ucheleweshaji huo sharti uwe sehemu ya hoja yako. Kwenye baraza Shaaban Robert ametimiza sharti hilo. Kwenye wajumbe wake sita ametimiza nusu tu.