Massoud mbele ya kamera ya rafiki

Wasomaji wetu wamezoea kukuta humu habari za wakubwa wa zamani na sifa zao. Leo tunawapeleka mbali, mu Afganistani, sababu kuna filme moja yenye kugusa jambo hilihili: namna gani mtu amsifu mkubwa wa vita bila kudanganya? Ni "Massoud l'Afghan", ambayo Mfaransa Christophe de Ponfilly aliitoa mwaka 1998.

De Ponfilly hakufika kwa Massoud kama mgeni wa siku mbili. Mara ya kwanza aliingia kwa kificho mu 1981 mpaka bonde la Panjshir, na Warusi walikuwa wamekwisha kuingia mu ile inchi tangu Desemba 1979. Massoud alikuwa bado hajatimiza miaka 30, kijana aliyesomea lycée ya Wafaransa pale Kabul. Mfaransa akarudi tena na tena. Kwa hiyo filme inatuonyesha uso uleule ukikomaa na kuchoka, miaka zaidi ya 15. Habari za vita tunazisikia kila asubuhi ku redio. Lakini kuona vita ikipita juu ya uso wa mtu mmoja, ile ni kitu kingine kabisa.

Tena anasema "mimi". Hajifichi nyuma ya ile sauti ya bwana mwenye kujua yote. Anamngoja mkubwa, siku zinapita, anakiri kwamba anampenda. Tunamshukuru kwa ukweli huo.

Lakini mapenzi yana bei yake. Warusi waliondoka Februari 1989. Aprili 1992 Kabul ikaanguka, Massoud akawa waziri wa ulinzi, na vikundi vilivyopigana pamoja vikageukiana. Mabomu yakaanguka juu ya mji miaka mine. Februari 1993 majeshi ya serikali na wenzao waliingia Afshar, mtaa wa Wahazara, na raia wengi wakauawa. Taliban walipochukua Kabul, Septemba 1996, walikuta mji umekwisha kubomoka. Filme inasikitika juu ya ile miaka, ndiyo, ila inasikitika upande wa rafiki aliyeshindwa. Mizani inainama upande wa mlima, pale shujaa ni mzuri. Mjane wa Afshar angechora sura ingine, na sisi wa Kongo, tuliopitiwa na majeshi mengi yenye kujiita wakombozi, tunamfikiria yeye kwanza.

Waluba wana kasala: pale jina la mtu halitembei peke yake, linatembea na majina ya wazazi na ya wafu. Filme hii imeita wafu wa Panjshir. Wafu wa Kabul wangestahili nafasi sawa.

Hata hivyo iangalieni, na muiangalie polepole. Tarehe 9 Septemba 2001, watu wawili waliojifanya waandishi wa habari walifika kwa Massoud mu Takhar, na bomu lililofichwa ku vyombo vyao vya kupigia picha likamuua. De Ponfilly naye alikufa mu 2006. Basi leo, kila mara kamera inamkaribia yule mtu, na yeye anabaki pale ametulia bila kugeuza kichwa, sisi ndio tunashtuka.