DDT katika dagaa wa Karema: hesabu ianzie kwenye sahani

Mwaka 2002 jarida la Environmental Pollution lilichapisha utafiti wa Manirakiza na wenzake kuhusu samaki wa Ziwa Tanganyika upande wa Burundi. Walitafuta masalia ya kiuatilifu cha DDT na jamaa zake pamoja na kemikali za viwandani ziitwazo PCB. Karema, kwenye mwambao wetu wa Katavi, iko zaidi ya kilomita 350 kusini mwa Bujumbura, ila ziwa ni moja. Anayetaka kupima samaki wa huku atajifunza mengi kwenye kazi ile, mradi asome vipimo vyake kwa makini.

Matokeo yao yalitolewa kwa kila gramu ya mafuta ya samaki. Ni sahihi kisayansi, kwa sababu DDT hukaa kwenye mafuta. Lakini mlaji anakula samaki mzima, hali mafuta peke yake. Tuseme, kwa mfano tu, maabara imekuta nanogramu 500 kwa gramu ya mafuta, na samaki huyo ana mafuta asilimia 4. Kwenye nyama yake zitakuwa nanogramu 20 kwa gramu, yaani miligramu 0.02 kwa kilo. Atakayeichukua ile 500 na kuilinganisha na kiwango kilichowekwa kwa nyama atakuwa amezidisha hatari mara 25, na wavuvi watakosa soko bila kosa.

Dagaa ana mtego wake mwingine. Mbichi, karibu robo tatu ya uzito wake ni maji. Akianikwa, maji yanaondoka na sehemu kubwa ya DDT inabaki, hivyo kilo moja ya mkavu inaweza kubeba masalia ya kilo tatu hadi nne za mbichi. Ripoti isiyosema sampuli ilikuwa mbichi au kavu haina faida kwetu. Tena dagaa huliwa mzima, na kichwa chake na utumbo wake. Maabara inayomsafisha kwanza ndipo imsage inapima dagaa ambaye hakuna anayemla. Samaki kama mgebuka na kuhe ni habari nyingine: hao hupasuliwa na kutolewa matumbo, basi wapimwe hivyo hivyo.

Jambo jingine la kutazamwa ni uwiano. DDT ikikaa muda mrefu kwenye mazingira na ndani ya viumbe hugeuka taratibu kuwa DDE. DDE ikizidi sana, tunaona mabaki ya zamani. DDT yenyewe ikiwa ndiyo nyingi, kuna uwezekano imeingia karibuni, na hapo lazima iulizwe imetoka wapi: shambani, kwenye ghala, au kwa mtu aliyepulizia samaki mkavu kufukuza wadudu.

Sasa usalama. Mwaka 2000 kamati ya pamoja ya wataalamu wa FAO na WHO kuhusu masalia ya viuatilifu iliweka kiasi cha DDT kinachovumilika: miligramu 0.01 kwa kila kilo ya uzito wa mwili kwa siku. Mtoto wa kilo 12 asizidishe miligramu 0.12. Kwa samaki wa mfano wetu, gramu 100 za mbichi zitampa miligramu 0.002, sehemu moja ya 60 ya kikomo chake. Mama asinyimwe usingizi kwa hilo, wala mtoto asinyimwe dagaa.

Lakini chukua kiwango ambacho Marekani hukitumia kuzuia samaki sokoni: miligramu 5 kwa kilo. Samaki aliyekaribia hapo bado ataruhusiwa. Mtoto yule akila gramu 100 zake, amemeza karibu miligramu 0.5, mara nne ya kikomo chake na zaidi. Kiwango cha soko na kikomo cha mwili ni vitu viwili, na kati yavyo kuna swali ambalo maabara haiwezi kulijibu: mtu anakula kiasi gani, na mara ngapi? Penye ugali na samaki siku nyingi za wiki, kuazima takwimu za mlaji wa ng'ambo ni kosa kubwa la kitaalamu.

Na sahani yenyewe hubadilika. Kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti 2024 uvuvi ulisitishwa Ziwa Tanganyika ili samaki wazaliane. Miezi kama hiyo kitoweo huelekea kwenye mboga za majani na maharage, na pamoja navyo dawa nyingine kabisa, zile za bustanini. Ngowi na wenzake, waliochunguza wakulima wa mboga kaskazini mwa Tanzania na kuchapisha mwaka 2007, walikuta karibu theluthi moja wakichanganya dawa kwenye pampu moja. Hesabu ya mwaka mzima inayotazama dagaa peke yake itaikosa sehemu hiyo yote.

Usalama wa chakula uko chini ya Shirika la Viwango Tanzania (TBS) tangu 2019, na viuatilifu viko chini ya Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu (TPHPA) iliyoundwa kwa sheria ya 2020. Ningependa taasisi hizi mbili zije Karema pamoja, na mizani ya jikoni iwe kwenye vifaa vyao: dagaa wabichi na wakavu wa mtumbwi mmoja wapimwe sambamba, na chakula cha mtoto kipimwe kabla hajala, ziwa likiwa wazi na likiwa limefungwa.