Sifa ya Wasomao Damu

Mchungaji wa Bariadi aliyebobea haambiwi ndama huyu ni wa ng'ombe yupi. Hutazama baka la ubavuni, umbo la nundu na rangi ya pua, akakutajia mama, bibi, hata mnada aliponunuliwa bibi huyo. Ujuzi huo una ndugu yake maabara: usomaji wa vinasaba.

Huko baka ni kosa dogo la kunakili. Vinasaba vya mitokondria mtoto huvipata kwa mama peke yake, na mara chache, katika kunakiliwa, herufi moja hukosewa. Binti humrithisha binti yake kosa hilo. Yakihesabiwa makosa, miaka nayo huhesabika. Mwaka 1987 wanasayansi Rebecca Cann, Mark Stoneking na Allan Wilson walisoma mitokondria ya watu 147 wenye asili mbalimbali, wakafika kwa mama mmoja, yaelekea wa Afrika, wa miaka 200,000 hivi iliyopita. Hakuwa mwanamke pekee wa zama zake. Wenzake mnyororo wao wa mabinti ulikatika njiani.

Mimi husifu zaidi mikono inayokusanya damu yenyewe. Mtaalamu wa vinasaba Sarah Tishkoff na wenzake, akiwamo Thomas Nyambo wa Muhimbili, walizunguka vijiji vya Tanzania wakiomba damu kidogo, wakaizungusha kwa mashine iliyoungwa kwenye betri ya gari ili kupata chembe nyeupe. Mwaka 2009 walitoa picha ya jamii 121 za Afrika, na ndani yake wakaona makundi 14 ya asili. Kazi hiyo ilidai miaka, barabara mbovu na subira ya kueleza kila mkutano kwa nini sindano.

Nao Mkoa wa Simiyu, iliko Bariadi, unastahili fundi wa namna hiyo. Katika wilaya yake ya Meatu wanaishi Wasukuma, Wataturu na Wahadza, ambao majirani waliwazoea kwa jina la Watindiga: lugha tatu zisizo na undugu. Kihadza kina vidoko, kama Kisandawe, kama lugha za Wasan wa Kalahari, na sikio lingeapa kwamba wasemaji wake wameachana juzi. Uchunguzi wa vinasaba uliotolewa 2007 ulikadiria kuwa Wasandawe walitengana na Wasan zaidi ya miaka 35,000 iliyopita. Fundi mwema haliamini sikio kabla hajaiuliza damu.

Damu hiyo ilitoka mikononi mwa watu. Majibu yake yasomwe mikutanoni Meatu, kwa Kihadza, Kitaturu na Kisukuma, wenyewe wakiwa wamekaa wanasikiliza na kuuliza.