Haki katika Uhakiki wa Zana: Hoja za Mafundi wa Miti

Miongoni mwa maandishi ambayo wanazuoni wa lugha hawayatazami sana ni yale mafupi yachapishwayo katika majarida ya ufundi kueleza ubora au upungufu wa zana mpya. Maandishi hayo ni uhakiki kama ulivyo uhakiki wa kitabu: yuko aliyetengeneza kitu, yuko aliyekijaribu, na yuko msomaji ambaye hajakiona bado na ataka kujua kama chafaa. Makusudio ya makala haya ni kuyapima kwa mfano mmoja, nao ni wa mafundi wa miti wa Marekani na Uingereza, ambao hubishana sana kama wahakiki wa zana zao hutenda haki.

Kwanza yafaa kazi yenyewe ijulikane. Mti mkubwa uliosimama baina ya nyumba hauwezi kuangushwa mzima. Fundi hupanda, akaukata vipande kuanzia juu, na kila kipande hushushwa kwa kamba. Kamba hupita katika kapi lililofungwa juu mtini, ikateremka hadi chini ya shina, na hapo huzungushwa katika bomba la chuma. Msaidizi aliye chini hushika ncha yake na kuilegeza polepole. Kwa habari hii Kiswahili hakina haja ya kuazima maneno mengi. Mabaharia wa pwani wanayo kapi, roda, henza na jarari tangu zamani, na kazi ya kutweka foromali haiko mbali na hii. Tofauti ni kwamba gogo mara nyingi huanguka kwanza, ndipo kamba ikalidaka.

Tofauti hiyo ndiyo yenye hatari. Tuchukue gogo la kilo 100 lililoanguka mita 2 kabla ya kamba kukazika, kisha likasimamishwa katika nusu mita. Kwa hesabu ya kawaida, mkazo wa wastani katika kamba ni sawa na uzito wa kilo 500, na kilele chake huzidi hapo. Kapi la juu huvutwa na pande mbili za kamba, hivyo mzigo wake hukaribia mara mbili ya huo. Kadhalika bomba hushika kwa msuguano, na nguvu hiyo hukua kwa kuzidisha. Kipimo cha msuguano baina ya kamba na chuma kikiwa 0.2, mizunguko miwili kamili hupunguza mkazo ufikao mkononi hadi sehemu moja ya 12. Kikishuka hadi 0.1, mizunguko ile ile hupunguza hadi sehemu moja ya 3.5 tu. Nacho hubadilika kwa aina ya kamba, uchakavu wake na unyevu. Basi mhakiki akiandika kwamba bomba fulani hushika vizuri, asitaje kamba wala hali ya hewa, amemwachia msaidizi wa chini kuyagundua yaliyobaki kwa mikono yake.

Malalamiko ni ya namna tatu. Wanunuzi wasema kwamba majarida ya ufundi huishi kwa matangazo ya watengenezaji wale wale, na kwamba mjaribu mara nyingi hupewa zana bure. Kwa hiyo sifa ni nyingi na lawama ni haba. Watengenezaji nao wasema kwamba mjaribu huweza kutumia kamba isiyolingana na kapi, au asisome maelezo, kisha akaishutumu zana. Na karakana ya watu wachache huweza kuharibikiwa kwa ukurasa mmoja. Watetezi wa wahakiki hujibu kwamba katika ufundi wenye wajuzi wachache, waijuao zana ni wale wanaoitengeneza, wanaoiuza au wanaoifundisha. Kumtaka mhakiki asiye na uhusiano wowote ni kumtaka mhakiki asiyejua.

Hoja ya tatu ndiyo nzito kuliko zote, wala haijibiwi kwa kutaja uaminifu tu. Jumuiya ya Consumers Union, iliyoanzishwa Marekani mwaka 1936 na ambayo leo huitwa Consumer Reports, hununua yenyewe vitu inavyovijaribu, na jarida lake halipokei matangazo. Njia hiyo ni njema, ila yahitaji wasomaji wengi wa kuilipia. Zana za kushushia magogo hununuliwa na wachache, na jaribio la kweli la nguvu huishia kuivunja zana. Njia ya pili ni ya sheria. Mwongozo wa Tume ya Biashara ya Shirikisho ya Marekani, uliorekebishwa mwaka 2009 na tena mwaka 2023, wataka uhusiano wa maana baina ya msifu na mwuzaji utajwe wazi, pamoja na kupewa kitu bure.

Hilo ni la lazima, lakini halitoshi. Tuwaweke wahakiki wawili mbele yetu. Wa kwanza alipewa kapi bure, naye akasema hivyo. Kisha akataja unene wa kamba, uzito wa magogo, idadi ya siku za kazi, siku za mvua, na mahali roda ilipoanza kulika. Wa pili alilinunua kwa fedha zake, akaandika kwamba ni imara kabisa. Mikono ya wa pili ni safi, lakini msomaji hana la kushika. Maneno ya wa kwanza huweza kupingwa, kwa kuwa fundi mwingine aweza kurudia jaribio lile na kupata jingine. Neno lisiloweza kupingwa halimtendei haki hata mtengenezaji, maana hawezi kujua atengeneze nini upya.

Hapa ndipo kazi ya mtu wa lugha ilipo. Sifa kama imara, madhubuti na bora hazina kipimo ndani yake. Hata tarakimu huweza kudanganya. Kila kapi lina nguvu ya kukatikia, yaani mzigo unaolivunja, na lina mzigo wa kazi, ambao ni sehemu ndogo ya huo, mathalan moja kwa tano. Mhakiki akisema kapi lachukua tani 10, asieleze ni ipi kati ya hizo mbili, msomaji mmoja atalipa tani 2 na mwingine tani 10, na wote wawili watakuwa wameisoma sentensi ile ile. Tena fundo hupunguza nguvu ya kamba, mara nyingi kwa robo au zaidi. Basi nguvu iliyoandikwa kwenye kibandiko cha kamba siyo nguvu ya kamba iliyofungwa mtini.

Jambo hili latuhusu sisi pia. Mhakiki wa vitabu hupokea nakala bure, na katika fani yetu ndogo aghalabu humjua mwandishi, au alifundishwa naye, au atakutana naye mkutanoni. Uhusiano huo hauondoki. Lakini mhakiki wa kamusi aweza kusema alisoma herufi zipi, alilinganisha vidahizo vingapi na kamusi ipi, na ni maneno gani ya ubaharia au ya kilimo aliyoyatafuta asiyapate. Asipoyasema hayo, sifa zake na lawama zake zina thamani moja.

Kwa hiyo swali la mafundi wa miti, kama uhakiki ni wa haki au siyo, lataka kwanza lijulikane ni haki ya nani. Mtengenezaji ana haki ya kujaribiwa zana yake kama ilivyokusudiwa, na mnunuzi ana haki ya kujua nani alimlipa msifu. Lakini haki ya kwanza ni ya yule aliyesimama chini ya gogo akishika ncha ya kamba, ambaye pengine hakulisoma jarida wala hakuichagua zana.